Upande wa Jua Kwenye Treni ya Kahe

Juzi mjukuu wangu wa Soweto, pale Moshi mjini, kanipandisha treni. Tulikuwa na harusi Korogwe, na mimi mabasi siyataki, yananitapisha. Akaniambia kwa ile sauti yake ya puani, "Bibi, treni si imerudi? Tunapanda treni, utaenjoi." Nikaenjoi nini! Tumetoka Moshi hata Kahe hatujafika, dirisha limegoma, feni ya juu inazunguka kama inaombwa, jasho linaniingia machoni. Yeye anajipepea na simu. "Bibi, hili joto ni noma." Mbele yetu mama mmoja akafungua chupa ya maziwa mgando ampe mtoto wake, na ile harufu ikanifuata mpaka nilipokaa: chuma kilichopigwa na jua, maziwa yaliyochacha, na watu wengi pamoja. Nikanyamaza. Mjukuu akadhani nimezimia. "Bibi! Bibi, uko poa?"

Sikuwa poa. Nilikuwa nimerudi kwenye ile miaka ambayo meno yangu ya mbele hayapo, nimekaa upande wa jua kwa makusudi, na nimemuibia bibi yangu kitu kifuani.

Nyie wa rika langu treni ile mnaijua, msijifanye mmezaliwa na magari. Viti vya mbao, dirisha la kusukuma juu ambalo likikubali kufunguka halikubali kufungwa, na likikubali kufungwa ndiyo basi tena. Kuku chini ya kiti, mbuzi mlangoni, mkungu wa ndizi kwenye mapaja yako na kiwiko cha mtu kwenye ubavu wako. Ukitoka kwetu juu Old Moshi alfajiri unatetemeka kwa baridi, umevaa sweta. Ukifika mjini umeshalivua. Treni ikianza kuteremka kwenda Kahe unatamani uvue na ngozi. Na sisi safari hiyo tulikuwa tunaifanya wiki hata mara mbili, mimi na bibi mzaa baba, kumpelekea mama yangu ndizi na maziwa.

Mama alikuwa anaishi kule chini na baba. Baba alikuwa kibarua kwenye mashamba ya miwa. Zamani mama alikuwa anakaa na sisi juu kihambani, kwenye shamba letu la migomba, anashuka kwa baba mara mojamoja, anarudi. Halafu nikapata mdogo wangu wa kiume. Mama akashuka naye akamuonyeshe baba yake, akakaa naye huko wiki tatu, na mtoto akarudi amefungwa kwenye shuka. Wakamlaza migombani, karibu na uzio. Mimi wakaniambia amelala. Nikawa nakwenda kuangalia kama ameamka.

Siku ya msiba watu wamejaa uani, mama amekaa chini, nikamsikia bibi akisema mbele ya wote. Bibi yangu alikuwa na sauti ya kukatia kuni. "Wewe umemchukua mtoto kwenye baridi yake ukampeleka kwenye joto lako. Sasa kaa nalo hilo joto lako." Mama hakulia, alikuwa anaangalia mikono yake tu. Msiba ulipoisha akafunga nguo zake, akanishika kichwa, akashuka. Mimi bibi akakataa nisiende. "Huyu haendi kufa kwa mbu."

Sasa nyie mnaelewa, kwa sababu ni wazee. Mimi nilikuwa mtoto, mimi nilielewa hivi: mama yangu anapenda joto. Ana joto lake huko chini, na amelichagua, akatuacha sisi na baridi yetu. Sikuona ubaya. Kuna watu wanapenda pombe, kuna watu wanapenda kanisa, mama yangu anapenda joto. Nikajiambia, na mimi nikilipenda atanichukua.

Ndiyo maana kwenye treni nilikuwa nakaa upande wa jua. Watu wote wanasukumana upande wa kivuli, mimi nakimbilia kule ambako chuma cha dirisha kinaunguza. Bibi ananivuta, "Manka, njoo huku, utaiva!" Siendi. Nabandika shavu kwenye mbao ya moto, nafumba macho, najifunza kupenda. Halipendeki. Jasho linachuruzika, kichwa kinagonga, nasikia kichefuchefu, najiambia jitahidi, mama anaweza, na wewe utaweza.

Na kuna kitu kingine nilikuwa sikielewi. Kila safari, kabla hatujatoka, bibi alikuwa anakwenda kwenye uzio, anakata jani la isale. Lile jani refu la kijani mnalolijua, linalopandwa mipakani na makaburini. Analifunga fundo moja katikati, analiweka kifuani ndani ya kanga, hapohapo anapoweka tiketi. Tunashuka nalo mpaka Kahe. Tunarudi nalo mpaka nyumbani. Akifika analichomeka nyuma ya mlango. Yalikuwa yamejaa pale, ya zamani yamekauka yakawa kama ngozi ya mjusi.

Nikamuuliza, "Bibi, hilo jani la nini?" Akasema, "La kukufunga mdomo."

Siku moja mkagua tiketi akapita. Alikuwa mtu wa Tanga, mwembamba, maneno yake yote ameyatia asali. "Haya mama zangu, haya dada zangu, tiketi jamani, tiketi tafadhalini, msinichukie, hii ni kazi tu." Bibi yangu Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Akamwambia, "Wewe kijana, ngoja. Usiangalie kifua ya mama yako. Angalia huko dirishani." Behewa zima likacheka. Mkagua tiketi akageukia dirishani kwa adabu kabisa. Bibi akachomoa, na kilichotoka kwanza ni lile jani na fundo lake.

Mbele yetu alikuwa amekaa mzee mmoja wa Kilema, amevaa kofia ya sufu kwenye joto lile, sijui alikuwa anajikaanga nini. Alipoliona jani akavua kofia. Akaishika magotini. Akasema polepole, "Mama. Bado tu?" Bibi akalirudisha kifuani haraka, akatoa tiketi. Mkagua tiketi naye kuona mzee amevua kofia akaacha utani, akatoboa tiketi, akapita bila hata kuniuliza mimi nimelipiwa au nimebebwa tu.

Basi mimi nikajua. Hili jani ndilo tiketi kubwa. Ile ya karatasi ni ya kwenda. Hii ya kijani ndiyo ya kurudi, ndiyo maana haitobolewi, ndiyo maana tunarudi nayo kila mara, na ndiyo maana mzee wa watu ameivulia kofia. Siku tutakayokuwa hatuna jani, haturudi. Tutakaa Kahe na mama.

Na Kahe kwenyewe nilikuwa nashindwa kuelewa kinachofanyika. Tunashuka, mama amesimama pale stesheni na kanga yake ya njano imepauka, amekonda, midomo imekauka. Ananikumbatia mpaka mifupa inalia. Halafu anamgeukia bibi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Maziwa yameganda njiani."

"Joto."

"Joto."

Basi. Maneno yameisha. Wanasimama hivyo, bibi mkono uko kifuani, anaushusha, anaupandisha tena, anapanga ndizi ambazo zimeshapangwa. Mama anaangalia reli. Bibi anasema, "Ng'ombe yule mweusi amezaa." Mama anasema, "Amezaa." Tunakaa kwenye kivuli cha bati mpaka treni ya kurudi ije, inakuja jioni inanuka samaki, perege wa kukausha wa bwawani, tunapanda, mama anabaki. Mimi nalia kuanzia pale mpaka Moshi mjini. Bibi halii. Ila alikuwa anakaa ameangalia upande nisioweza kumuona uso.

Ikaja siku moja mwezi ule wa kiangazi ambao hata juu kwetu migomba inakunja majani. Bibi alivaa kitenge chake cha ushirika na hereni. Alipokwenda uzioni alikaa muda mrefu. Hakukata pale anapokata siku zote, alikwenda mpaka kule mdogo wangu alikolala, akakata la pale. Njiani hakunitania hata mara moja, na bibi yangu asiyetania ni kama jogoo asiyewika, unajiuliza ana nini.

Treni siku hiyo ilijaa. Mama mmoja wa Majengo alikuwa na ndoo ya maandazi, amekaa nusu kwenye kiti na nusu juu yangu, anaongea toka Moshi. "Jamani mimi nakufa! Jamani nani kafunga dirisha hili? Wewe mtoto mbona umekaa juani, mama yako hakuoni?" Tulipofika katikati ya mapori, treni ikasimama. Ikazima. Kichwa cha treni kimekata pumzi, ndivyo mtu mmoja alivyosema. Hapo ndipo nilijua kumbe mwanzoni hatukuwa kwenye joto, tulikuwa tunapigwa na upepo. Treni ikisimama juani inakuwa chungu kilichofunikwa. Watoto wakalia, wakaacha kulia. Maziwa ndani ya kibuyu chetu yakaanza kutoa harufu. Mbuzi mlangoni akalala chini akatoa ulimi. Hata mama wa maandazi alinyamaza, na hilo lilinitisha kuliko yote.

Bibi akasinzia. Kichwa kimeangukia nyuma, mdomo wazi, kanga imelegea, na jani limechungulia pale kifuani, fundo lake liko nje linaniangalia.

Nikalivuta. Halikushikwa na kitu.

Nilitaka kulitupa dirishani, dirisha limefungwa na limegoma. Nikampelekea mbuzi, akalinusa akageuza uso, na mbuzi akikataa kitu jua kweli anaumwa. Sikuwa na pengine. Nikaingia chooni.

Choo cha treni ile mnakijua. Tundu tu, unaona chini. Treni ikitembea unaona mawe yanakimbia. Siku hiyo treni imesimama, kwa hiyo mawe yalikuwa yametulia, na taruma, na uchafu wa wengine. Nikaachia jani. Likaanguka polepole, likalala juu ya kokoto, na fundo lake juu. Tukaangaliana. Nikaogopa kidogo, nikaliambia, "Kaa hapo." Kama vile namwambia mbwa. Ndipo treni ikashtuka, ikapiga kelele, mawe yakaanza kwenda, na jani likaenda nayo.

Nilirudi kwenye kiti changu, nikabandika shavu kwenye ile mbao ya moto, na kwa mara ya kwanza nikasikia kama joto linapendeka.

Tukashuka Kahe tumechelewa, watu wanatembea kama walevi. Mama yupo. Alikuwa anatembea huku na huku kando ya reli, alidhani treni imeanguka. "Shikamoo mama." Bibi hakusema marahaba. Hakusema habari za maziwa. Aliweka kikapu chini, akasimama sawasawa, akasema kwa Kichagga, na sauti ile ya kukatia kuni haikuwepo:

"Mama Manka. Leo nimekuja na neno."

Bibi akaingiza mkono kifuani. Akautoa mtupu. Akaingiza tena. Akalegeza kanga, akakung'uta. Akapiga magoti kwenye kikapu, akatoa ndizi moja moja, akainua kibuyu, akaangalia chini yake. Watu wanapita wanatuangalia. "Nilikuwa nalo," anasema. "Ruwa wa mbinguni anajua nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo hapa." Na mara akakaa chini kwenye lile vumbi la moto, bibi yangu, na kitenge chake cha ushirika, akajifunika uso na mikono.

"Nini, mama? Umepoteza nini?" mama anauliza. Bibi anatikisa kichwa tu.

Mimi nikaona hapa ndipo pa kuwapa habari njema.

"Haturudi tena!" nikasema. "Bibi, usilie, haturudi. Nimelitupa chooni."

Mama akanigeukia. "Umetupa nini chooni?"

"Jani. La isale. Lile la fundo."

Nikaona uso wa mama umebadilika, nikadhani hajaelewa, nikamueleza vizuri. "Lile tunalokuja nalo kila siku, mama. Bibi anaweka kifuani. Tunakuja nalo halafu tunarudi nalo. Yako mengi nyumbani nyuma ya mlango."

"Kila siku?" Mama ameniuliza mimi, lakini anamuangalia bibi. "Kila siku mlikuwa mnakuja nalo?"

"Kila siku. Toka ng'ombe hajazaa."

Nyie watu wa kwetu sina haja ya kuwaambia isale lenye fundo ni la nini. Lakini kwa ambaye hakukulia mlimani: ukimkosea mtu kosa ambalo mdomo hauwezi kulibeba, unampelekea hilo jani kwa mikono miwili, na yeye akilipokea amekusamehe, na hawezi kulikataa. Sasa mama mkwe kumpelekea mke wa mwanawe, mwanamke mzima mwenye mvi! Bibi yangu alikuwa analipandisha treni jani hilo na joto lote lile, anafika, anashindwa, analirudisha nyumbani. Anakwenda tena. Mimi nilikuwa sijui. Na siku aliyopata nguvu, mjukuu wake kalitia chooni.

Mama akaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. "Chooni," anasema. "Chooni, Manka!" Akakaa chini palepale kwenye vumbi karibu na bibi, anapiga mapaja, anacheka, halafu nikaona machozi, halafu sikujua tena ni kicheko au ni kilio, na bibi naye hivyohivyo, wameshikana mabega kama walevi wawili wametoka kilabuni. Mimi nimesimama nimeshika ndizi. Nikauliza, "Kwa hiyo tunalala hapa?" Wakaanza upya.

Walipotulia, bibi akafuta uso kwa ncha ya kanga. Akasema, "Lakini sina cha kukupa mkononi. Bila kitu mkononi haijawa."

Mama akaangalia kule kote, vumbi, miiba, reli. "Huku masale hayaoti."

"Hayaoti."

"Basi tutalifuata huko yanakoota."

Akampa mama mmoja wa stesheni ujumbe wa kumfikishia baba, na treni ya jioni ilipokuja na samaki wake, mama akapanda. Mimi nikachanganyikiwa kabisa. Nilitupa jani ili sisi tubaki, kumbe ukitupa jani mama ndiye anayerudi. Nikapiga hesabu zangu za kitoto: tulishuka bibi, mimi na jani. Jani halipo, kwa hiyo mama amewekwa kwenye nafasi yake. Na hesabu hiyo niliiamini mpaka nimeota matiti.

Ndani ya behewa nikakimbilia upande wangu wa jua. Jua la jioni linaingia limelala, ndilo baya zaidi, linakupiga usoni. Mama akasema, "Njoo huku kivulini."

"Sitaki. Napenda joto."

"Tangu lini?"

"Kama wewe."

Mama akanishika kidevu, akanigeuza uso. Shavu langu moja lilikuwa limeungua jeusi kuliko lingine, hata nyumbani walikuwa wananicheka. Akaliangalia shavu muda mrefu. Akasema, kwa sauti ya chini, na mimi huwa naweza kuiga sauti za watu wote, ila hiyo mpaka leo siiwezi:

"Nani kakwambia mimi napenda joto?"

Bibi alikuwa amekaa palepale na amesikia. Akainamisha kichwa. Mama akaniinua, akahamia yeye upande wa jua, akanilaza mapajani upande wa pili na kunifunika na ile kanga ya njano. Nikalala mpaka Moshi. Nilikuwa sijawahi kulala kwenye treni ile.

Nyumbani bibi alikwenda moja kwa moja migombani. Sikuruhusiwa kusogea, nilichungulia. Alikata, akafunga fundo, akalitoa kwa mikono miwili, na mama akalipokea kwa mikono miwili. Hawakusema lolote la kukumbukwa. Mama alisema, "Aika, mama," yaani asante, basi. Halafu bibi akanitafuta, akanichapa viboko vitatu vya mguuni kwa kutia isale chooni, na palepale akanipa mtori wenye mfupa mkubwa kuliko wa mtu yeyote. Nikawa nalia huku natafuna. Mama hakurudi tena Kahe kukaa. Na yale majani ya nyuma ya mlango alikataa yasitolewe. Yalikuwepo mpaka nimeolewa.

Mpaka leo sijui viboko vile vilikuwa vya haki au la. Nikivipima naona kama vya haki, nikiupima na ule mfupa naona kama si vya haki. Hao wawili wameshalala migombani siku nyingi, hakuna wa kumuuliza.

Juzi tulipokaribia Kahe nikamwambia mjukuu anishike mkono nikaende chooni. "Bibi, treni inatikisika, subiri ifike stesheni." Nikamwambia, mimi sisubiri stesheni. Akanifikisha mlangoni. Nikaingia, nikainama, nikaangalia chini. Mawe yanakimbia.

"Bibi, umepata haja?"

"Tulia wewe. Natafuta kitu changu."

Nilipotoka kiti chetu kilikuwa kimeingiliwa na jua. Mjukuu wangu, mtoto wa simu, kichwa chini, jasho limemlowesha. Nikamwambia asogee. Nikakaa mimi upande wa dirisha.

"Bibi, utaungua."

"Nalijua hili," nikamwambia. "Wewe lala."